Niungeni Mkono

Usiku wa jana niliota duka langu limepata mlango.

Hilo si jambo dogo. Duka langu halina mlango wala dirisha, halina hata kigoda cha mwenye duka. Liko ndani ya simu, na simu yenyewe ina ufa. Mimi ni Saumu, niko kidato cha tatu, na duka nimelifungua likizo hii. Nauza makawa ya kufunikia chakula, mikoba na vipepeo vya kujipepea, vyote vya ukili, yaani majani ya miyaa yaliyosukwa utepe, na vyote kasuka bibi yangu, Bi Mwanakombo, mama wa mama yangu, tunayeishi naye hapa Makorora, Tanga. Duka nililiita Mkono wa Bibi. Niliona jina limekaa vizuri, maana kwetu kazi ya mtu huitwa mkono wake. Watu wakiona kawa limenyooka husema, "Huu mkono wa Bi Mwanakombo," wala hawaulizi.

Balaa ni kwamba duka lilipofunguka, mkono ndio ulikuwa unafunga. Tangu Idi ipite, mkono wa kulia wa Bibi unakufa ganzi. Vidole vinashika jani, halafu vinaliachia. "Mkono haunisikii," anasema, kisha anautazama kama mtoto aliyetumwa dukani akapitiliza kucheza. Kawa la mwisho limeishia katikati. Linaning'inia kwenye msumari jikoni, mkia wa ukili umelegea chini.

Na jana ndipo alipojitokeza mteja wangu wa kwanza, Mama Shemsa wa Dodoma. Anataka kawa la kumpa binti yake anayeolewa. "Liwe la mkono wa Bibi mwenyewe," aliandika. Sikumjibu. Sokoni makawa yapo tele, Dodoma ni mbali, nani angejua? Nikalala na swali hilo kichwani.

Basi kwenye ndoto mlango ni wa kioo, una ufa uleule wa simu, na haufunguki kwa kusukuma. Unaupitishia kidole kwenda juu. Napitisha kidole, najiona kwenye kioo, naingia.

Ndani ni jikoni kwetu, ila jiko limekuwa kaunta. Juu yake limekaa kawa lile ambalo halijaisha.

"Usinitazame sana," linasema. "Sijavaa ukingo."

Naliomba radhi, nageuza uso, nauliza wateja wako wapi.

"Wako njiani. Si umewaita mwenyewe?"

Ni kweli niliwaita. Jana nilibandika tangazo: Jamani niungeni mkono. Kila mwenye biashara changa huandika hivyo, na hakuna aliyewahi kupata matatizo.

Mlango unafunguka, watu wanaingia mmoja mmoja na kupanga foleni. Kila mtu kashika sindano ya kushonea magunia, na uzi umeshatungwa. Wa mbele ni mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni kama aliyekuja msibani kupika.

"Tuunge wapi?" anauliza.

"Shikamoo, mama. Mikono ninayo."

"Marahaba. Naiona. Lakini umeomba uungwe mkono, na sisi tumeacha shughuli zetu. Hebu geuka."

Nyuma yake limesimama birika kubwa la chai, limenyoosha mkono wake mmoja uliopinda.

"Na mimi nimekuja kukuunga mkono," linasema.

"Ahsante sana. Utachukua kawa au mkoba?"

"Hapana, sinunui. Nakuunga mkono tu."

Hapo nikalitambua. Tangu nifungue duka, birika hili ndilo linaloweka alama ya moyo kwenye kila picha.

Kisha foleni inapisha, anaingia Mama Shemsa. Kwenye simu picha yake ni ua la waridi lenye matone ya umande, limeandikwa Asubuhi Njema. Kwenye ndoto ndicho kichwa chake. Amevaa dera la heshima, na pale shingo inapoishia limeanza ua.

"Shikamoo, Mama Shemsa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua mkono wa Bibi."

"Yaani kawa."

"Sikusema kawa. Duka la dawa lina dawa, duka la nguo lina nguo. Hili limeandikwaje?"

Natoka nje kusoma kibao. Mkono wa Bibi. Na chini yake, kwa herufi ambazo sikuandika mimi: Ukiuzwa haurudishwi.

Nikaogopa. Sikuwahi kufikiri kwamba mkono wa Bibi ni kitu kinachoweza kuondoka, kikafungwa kwenye boksi, kikapanda basi la Dodoma, sisi tukabaki tunatazamana. Niliogopa mpaka magoti yakalegea, na ndotoni magoti yakilegea inabidi uyafunge kwa kamba. Nikayafunga, nikarudi ndani.

"Chini ya kaunta kuna mikono ya sokoni," kawa likaninong'oneza. "Mpe mmoja. Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Wewe umesukwa na Bibi, unasemaje hivyo?"

"Mimi kazi yangu kufunika. Sichagui kilichomo."

Nikainama. Kweli imejaa, imefungwa mafungu kama mchicha, mizuri, laini, kucha zote zinafanana. Nikatoa mmoja nikauweka juu ya kaunta. Mama Shemsa akainama, akaunusa kwa uso wake wote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ua likinusa.

"Huu hauna mwenyewe," akasema.

Nikageuka nifiche aibu yangu, na nilipogeuka hapakuwa dukani tena. Ni uani kwetu, jua kali, miyaa imeanikwa kwenye kamba, ya zambarau na ya kijani. Foleni nzima imehamia pale pamoja na sindano zake. Bibi ameketi kwenye jamvi, na mkono wa kulia wa gauni lake unapepea mtupu.

"Bibi, mkono uko wapi?"

"Umetoka mara moja, mke mwenzangu." Huniita hivyo kwa utani, kwa sababu babu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita mke wake. "Wala sikuutuma. Siku hizi haunisikii."

Nautafuta. Naukuta nyuma ya mtungi, umeketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, umejipumzikia, na pete yake ya fedha kidoleni. Ni mkubwa kwangu kwa umri, kwa hiyo nauamkia.

"Shikamoo, mkono."

Kimya. Nakumbuka kwamba hausikii. Nausogelea napaza sauti: "Shikamoo!"

"Marahaba, usinipigie kelele. Nasikia vizuri tu."

"Bibi anasema humsikii."

"Namsikia. Ila siwezi tena, na sijui nimwambieje. Nimemsukia tangu yeye ni mwari. Nimesuka mikeka ya kuolewa na mikeka ya kuzikia. Nimechoka, mke mwenzangu."

Ulisema kwa sauti ya Bibi, na mimi nikalia. Likizo nzima nilikuwa nikiuomba makawa, siku moja sikuuliza umeamkaje.

"Usiondoke," nikasema. "Ukiondoka wewe ndio basi. Mama hajui kusuka. Nimebaki mimi, na mimi ni mashoto."

Birika likarudi nyuma kidogo, likauficha mkono wake.

"Mashoto?" akauliza yule mama wa sindano. "Mbona hukuandika? Huu ni wa kulia. Tukiuunga kushoto, kidole gumba kitatazama nje."

"Tuuunge mgongoni," mtu wa nyuma akashauri. "Utamfaa kujikuna."

Wakaanza kubishana, tena kwa dhati, kama watu wanaopanga harusi. Mkono ukanigusa goti.

"Nakumbuka nilivyokufundisha ukiwa mdogo," ukasema. "Ukili wako haukukubali kuja huku. Uliendelea tu kuelekea Horohoro."

Horohoro ni mpakani, njia ya Kenya. Sijawahi kusikia mtu akiusema ukili hivyo.

"Nikakukatalia. Nikasema shoto halisuki. Lakini leo nimekuona ukipita mlangoni kwako. Mle kwenye kioo ulikuwa mtu wa kulia, na wala hukuwa umebadilika chochote."

"Kwa hiyo waniunge?"

"Hao waende na sindano zao wakanywe chai. Lete ukili."

Birika likajifanya halikusikia.

Naleta kawa, naushika mkia wake. Kawa halisemi kitu. Nadhani linaona haya kuguswa mbele ya watu.

"Jani hilo limebaki fupi," mkono unasema. "Utaunga jipya wakati gani?"

"Likiisha."

"Ndilo kosa lenu nyote. Likiisha, utashikia wapi? Unaunga kabla halijaisha. Jipya linalala juu ya la zamani, yanakwenda pamoja kitambo, kisha la zamani linajiondokea lenyewe. Hata mwenye macho hataona limetokea wapi."

Nachukua jani la zambarau, rangi yake bado haijakauka. Nalilaza juu ya la zamani kwa mkono wangu wa kushoto. Napitisha chini, napitisha juu, nakaza kwa kidole gumba. Mkono wa Bibi haunisaidii. Umetulia juu ya mbuzi yake unanitazama, na mimi nimeacha kulia, maana mtu hawezi kulia na kusuka kwa wakati mmoja. Ukili unaelekea Horohoro. Nauacha uende.

Mama Shemsa amesimama nyuma ya bega langu. Nasikia harufu yake.

"Huo si mkono wa Bibi," anasema.

"Siyo. Ni wangu, na bado mbaya. Wa Bibi siuuzi. Ukitaka kawa, utangoja niunge."

Anadondosha jani moja la ua, kisha la pili. Nadhani maua hufikiri hivyo.

"Na kama mwanangu ataolewa kabla hujamaliza?"

Nataka kumjibu. Jibu ninalo mdomoni, ni zuri, tena la heshima. Lakini mbingu ya uani kwetu ina ufa, na katikati yake panaandikwa kwamba chaji imekwisha, na kila kitu kinazima, uani, foleni na birika.

Nikaamka. Kumeshakucha, jogoo wa jirani ameshamaliza kazi yake. Simu ilikuwa imezima kweli, jambo lisilo la ajabu, huzima kila siku. Nikaichomeka kwenye umeme, na hata uso sijanawa nikamjibu Mama Shemsa. Nikamwandikia kwamba kawa la mkono wa Bibi peke yake halipo tena, mkono umechoka, na la sokoni sitamuuzia. Lipo moja ambalo itabidi liungwe, nalo linataka subira. Nikautuma ujumbe kabla moyo haujanibadilikia, nikaenda jikoni.

Bibi yuko chini kwenye jamvi. Kawa ameliangua kwenye msumari, liko mapajani pake, na mkono wa kushoto unaupapasa mkia wa ukili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hebu njoo hapa, mke mwenzangu. Nani kaunga hapa?"

Nikainama kutazama. Palikuwa na jani la zambarau, limelazwa juu ya la zamani kabla la zamani halijaisha. Pamekazwa vibaya, lakini pamekazwa.

"Labda mama," nikasema.

"Mama yako hata kufunga kamba ya kiatu alichelewa kujua. Na mkono huu siujui." Akausogeza ukili karibu na macho, akaugeuza huku na huku, halafu akacheka kidogo. "Tazama unavyokwenda. Unaelekea Horohoro."

Nilikuwa nakitazama kidole gumba changu cha kushoto. Kilikuwa na rangi ya zambarau mpaka ndani ya ukucha.

Na yeye akakiona. Kisha mkono wake wa kulia, ule usiosikia, ukanyanyuka taratibu ukapapasa jamvi. Haukupapasa ubavuni pake, alipokuwa akinikalisha nilipokuwa mdogo. Ulipapasa mbele yake.

"Kaa hapa," akasema. "Leo tutazamane."

Nikakaa. Mkono wangu wa kushoto ukawa sawasawa na wake wa kulia, kama tumewekewa kioo katikati. Chumbani simu ikalia. Huenda lilikuwa ua. Nikaiacha ilie.

Bibi akashika ncha moja ya ukili, ncha nyingine akanielekezea mimi.

"Jani limebaki fupi," akasema. "Shika, kabla halijaisha."

Nikashika.