Goti la Mlingoti

Ukiingia kwa fundi cherehani wa kichochoro cha bondeni, usishangae: cherehani yake imepandishwa juu ya matofali, na kiti chake vilevile. Mteja mmoja alimwuliza, "Fundi, unashona au unapaa?"

"Namngoja mgeni asiyebisha hodi," akajibu.

Mgeni mwenyewe ni maji. Kila masika huingia, huzunguka chumba, hulowesha vitambaa vya watu, kisha huondoka bila kuaga.

Basi asubuhi moja akaja mpimaji, binti mpole mwenye viatu vya mpira na karatasi kubwa kwapani. Alitumwa kuchora ramani ya mafuriko. Maji yasipofika nusu mita papakwe njano, yanapozidi papakwe nyekundu. Na mtaro mpya ungechimbwa penye nyekundu tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Sisi umetupaka nini?"

"Njano."

Fundi alihisi kama amechomwa sindano, na sindano iko mezani. "Nani kasema?"

"Jirani yako, yule mrefu. Maji ya masika iliyopita, hapo mlangoni pako, yalimfika gotini. Goti tunaliandika sentimita arobaini na tano. Mkewe akasema yalimfika mapajani, mumewe akacheka, nikajua huyu mama anatia chumvi. Nikamfuta."

Fundi aligonga ukuta kwa mkasi. "Mlingoti! Kisoda! Njooni hapa nyote wawili!"

Wakaja. Mlingoti akainama mlangoni kama anayeingia bandani mwa kuku; Kisoda, mkewe, akapita chini ya kwapa lake bila kuinama hata nukta.

"Kitendawili!" fundi akasema.

"Tega!"

"Wawili wamesimama kwenye maji mamoja. Mmoja kalowa goti, mwenzake kalowa paja, na hakuna mwongo."

Mpimaji akakuna kichwa. "Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Nakupa huu huu."

"Nimekwenda, nimekula, nimelala, nimerudi. Jibu hilo hapo, limeziba mlango."

Akafungua daftari la vipimo, lililokunywa mafuta ya mashine kurasa zote. "Mlingoti. Suruali, kiunoni mpaka kisiginoni, mia na ishirini na mbili. Kaptula, kiunoni mpaka gotini, sitini na nne. Haya, msomi, toa."

"Hamsini na nane!"

"Ndilo goti lake hilo. Wewe ulimwazima goti la watu wa kawaida."

Kisha akamsimamisha Kisoda, akapandisha tepu kutoka sakafuni. Hamsini na nane ikatua katikati ya paja.

"Miaka yote naitwa mtia chumvi!" Kisoda akaruka. "Leo je?"

"Mama watoto, nisamehe," Mlingoti akasema. "Huko chini kwenu mimi sifiki, habari zake nazijulia wapi?"

Walicheka mpaka mpimaji akaketi juu ya mafungu ya vitambaa. Alipotulia alimrudisha Kisoda kwenye orodha, akatoa kalamu nyekundu, akakipaka kichochoro polepole toka mwanzo hadi mwisho. Kisoda akapiga vigelegele. Nani aliwahi kusikia watu wakishangilia kwa kuambiwa nyumba zao ni za hatari?

Ghafla binti akashika kichwa. "Mama, mitaa mingine yote nimeandika magoti, viuno na vifua vya watu nisiowapima!"

"Na nusu yao nimewashonea mimi," fundi akasema. Akavaa tepu shingoni, akabana daftari kwapani, akafunga duka. "Twende, mwanangu. Anza na yule muuza mkaa. Huyo kifua chake ni goti la Mlingoti."

Mtaro ulichimbwa kabla ya masika. Mvua ikanyesha, maji yakapita nje yakinguruma, wala hayakugeuza shingo. Fundi akaondoa matofali ya kiti chake, miguu ikagusa sakafu kavu.

Ya cherehani aliyaacha palepale. Mgeni yule anamjua.