Diski Iliyozima Kila Kompyuta

Kompyuta ya kwanza kuzimwa na ile diski ilikuwa ya Wardah mwenyewe, na hakuona ajabu, maana ilikuwa imeshachoka siku nyingi. Ya pili ilikuwa ya binamu yake Ukasha, mpya, ya kuringia watu. Hiyo nayo ilipozimika papo hapo, Ukasha alichomoa waya, akaitoa diski nje na kuiweka juu ya viatu. Ya tatu ilikuwa ya duka la mtandao pale Kisauni. Zote ziliwaka tena baada ya kupumzishwa, lakini habari zilikuwa zimeshatoka kwamba diski ya Wardah ina kitu, na watu wa Kisauni hawahitaji kusukumwa. Haukupita muda, mama mmoja jirani alikuwa anapendekeza isomewe Yasini.

Wardah hakucheka. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na picha za kupamba kwa bibi harusi Zubeda, na aliyewahi kuhudhuria harusi ya pwani anajua kwamba usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele huachiwa, na bibi zetu wanaolalamikia magoti mwaka mzima huingia uwanjani wakacheza mpaka wapiga ngoma wachoke. Wardah ndiye aliyekuwa akipiga picha za video za usiku kama huo, na kazi yake yote ilisimama juu ya neno moja aliloahidi kila nyumba, kwamba picha hizi hazitaonwa na mwanamume yeyote. Kwa neno hilo alikaribishwa mahali ambapo kamera nyingine zingevunjwa.

Kwa neno hilo hilo alikubali hata Bi Mwanakombo, mamake Zubeda, mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akiziba uso akiona simu imeinuliwa. Usiku ule alisema, "Haya, kama ni Wardah, nipige." Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Wardah hagusi picha za harusi mwezi wa Ramadhani, kwani ngoma na vigelegele havisikiki vizuri katika nyumba ya watu waliofunga. Aliitia diski ndani ya mfuko wake, mfuko akautia sandukuni, akangoja Idi. Kadi za kamera alikuwa ameshazifuta zamani, kwa harusi nyingine za ile pirikapirika ya kabla ya mwezi kuandama.

Bi Mwanakombo hakuiona Idi. Presha ilimchukua ghafla katika kumi la mwisho la mwezi, na picha pekee aliyoiacha ilikuwa ya kitambulisho, ambayo amekodoa macho kama mtu anayeshtakiwa. Baada ya Idi, diski ilipoanza kuzima kompyuta, Zubeda hakumsumbua Wardah. Alimwandikia ujumbe mmoja tu: "Da Wardah, nataka kumuona mama akicheka." Tangu siku ile Wardah alikuwa hapati usingizi wa maana, na mimi simlaumu.

Ndipo akaambiwa ajaribu kwa fundi Musyoka wa Kiembeni. Huyu ni Mkamba aliyekuja Mombasa kwa kazi ya muda, na muda huo haujaisha mpaka leo. Karakana yake imebanwa kati ya kinu cha kusaga unga na duka la chakula cha kuku, na mwenyewe hana haya ya kujisifu. Hujakaa, ameshakueleza mashine alizozifufua baada ya wenzake kuzizika. Wardah alimsikiliza huku akijitayarisha kumchukia.

"Fundi, kabla hujaigusa, nna sharti," akasema.

"Sema, dada."

"Yaliyomo humu hayaonwi na mwanamume. Hata kidogo, hata kwa bahati mbaya. Kama huwezi kuitengeneza bila kuona, nirudishie niende zangu."

Alikuwa ameshayasema maneno hayo kwa mafundi wengine, wakacheka. Mmoja alimwambia ajihesabu yuko kwa daktari. Musyoka hakucheka. Alijikuna kidevu, akauliza, "Inazima kabla haijaonyesha kitu, ama baada ya kuonyesha?"

"Kabla. Ukichomeka tu, imezima."

"Basi hata mimi sina cha kuona. Keti, dada."

Wardah akaketi, na moyo wake ukatulia kidogo. Swali lenyewe lilikuwa dogo, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Wamekwambia ni nini?"

"Wengine virusi. Wengine jini."

"Jini sina utaalamu naye, huyo ni wenu watu wa pwani," Musyoka akasema, na Wardah akajikuta ametabasamu bila kupenda. "Lakini virusi nawajua. Virusi lazima wasomwe kwanza ndio walete shida. Sasa ngoja nikuonyeshe."

Akavuta kompyuta kuukuu kutoka chini ya meza, akaifungua, akaing'oa diski yake mwenyewe na kuiweka kando. "Hii sasa haina akili hata ya kusoma jina lake," akaeleza. Alipoiwasha, kioo kilibaki cheusi na mistari michache ya maandishi meupe, ikilalamika kwamba haina cha kufanyia kazi. Wardah alidhani sasa fundi atachomeka diski. Musyoka akainua mkono. Kinu cha jirani kilikuwa kinazunguka, na taa ya karakana ilikuwa ikififia kila kikinguruma.

"Tungoje wamalize hilo debe la mahindi," akasema. "Ikizima sasa, sitajua ni diski ama ni ugali wa watu."

Wakangoja. Kinu kiliponyamaza na taa kutulia, akachomeka waya, na kompyuta ile isiyo na akili ikazimika kama zile nyingine.

"Umeona? Imezimwa hata hii isiyosoma," Musyoka akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyepewa zawadi. "Kwa hivyo shida haiko kwa picha zako. Picha zako zinasingiziwa tu. Huu ni umeme. Kuna mahali umepiga shoti, na kila kompyuta inajizima kujiokoa."

Wardah alimtazama kwa macho mapya. Mtaa mzima ulikuwa umeigombeza ile diski kwa yaliyomo ndani yake, na ilikuwa imemuuma, kama kwamba wanawake wale waliocheza usiku ule ndio wenye makosa. Mtu huyu alikuwa amewatoa hatiani wote bila kuwaona. Majivuno yake yote Wardah akamsamehe palepale.

Musyoka akachukua bisibisi ndogo, akalegeza kasha la diski. Kifuniko kilipoachia, akasimamisha mikono. Akainamisha uso, akanusa. Akamsogezea Wardah kasha, naye hakuhitaji kuinama. Harufu ya waridi ilikuwa imeshamfikia, na nyuma ya waridi palikuwa na karafuu.

"Hapa pameingia marashi," Musyoka akasema. Kwenye kibao kidogo cha umeme kilichokuwa kikiunganisha waya na diski, shaba ilikuwa imeota ukijani, ncha mbili za umeme zimeshikana kwa kutu. "Na si jana. Yaliingia kidogo, yakafungiwa, yakala polepole. Nani anarashia diski?"

Wardah akanusa tena. Alikuwa amekumbuka. Usiku wa kupamba Bi Mwanakombo alizunguka na mrashi wa fedha, akiwanyunyizia wageni mmoja mmoja, na alipofika pembeni kwa mpiga picha hakumpita. Alimrashia Wardah kichwa na mabega, kisha akainama na kuurashia mfuko wa diski uliokuwa wazi miguuni pake. Marashi yale alikuwa akiyachanganya mwenyewe, waridi kwa karafuu, na hakuna nyumba nyingine Kisauni iliyonukia hivyo.

"Itapona?" akauliza.

"Iliyooza ni nyumba. Mwenye nyumba nadhani yuko salama." Musyoka akaichomoa diski kutoka kwenye kibao kile, akaifuta, akaitia ndani ya kasha jingine. Akageuza kompyuta yake nzuri, ile ya kazi, kioo kikamtazama Wardah na mgongo wake ukamtazama fundi. Wardah alijua maana ya hatua hiyo. Ikizima hii, ni yeye Musyoka atakayekosa ya kufanyia kazi kesho.

Kisha fundi akafanya jambo ambalo Wardah angali analisimulia. Aliangalia ukutani nyuma ya kiti cha Wardah, palipokuwa na kabati la vioo lenye chaja na simu za kuuza. Akainuka, akavua koti lake la kazi, akalitundika juu ya kabati lile mpaka likafunika kioo chote.

"Lilikuwa linaakisi," akasema tu. Wardah, aliyekuja na sharti lake limenolewa pande zote, hakuwa ameliona.

Musyoka akachomeka waya kwa kupapasa, akamwelekeza abonyeze wapi, akatoka mlangoni na kuipa karakana mgongo. Kompyuta haikuzima. Majalada yakajipanga kwenye kioo. Wardah akapunguza sauti hadi mwisho, akafungua la karibu na mwisho.

Bi Mwanakombo alikuwa anakuja, kichwa wazi, nywele zimesukwa na kutiwa asumini, mrashi mkononi. Anacheka na mtu aliye pembeni, kisha anageuka na kucheka na kamera yenyewe. Anainua mrashi. Matone yanapiga kioo cha kamera, uso wake unakuwa ukungu, na ndani ya ukungu huo bado unaona meno.

"Dada, inasoma?" Musyoka aliuliza akiwa anatazama barabara.

Wardah akaisimamisha picha pale pale kwenye kicheko. "Inasoma, fundi," akasema. "Allah akuweke. Yupo. Anacheka."

"Nilijua," Musyoka akasema. Alingoja aambiwe ageuke ndipo akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuongeza sifa zake. Wardah alimweleza nani alirashia diski, na kwamba sasa hayupo, na bintiye anangoja kumuona. Fundi alikuwa ameshaliinua kasha bovu kulitupa kwenye debe la taka. Akalitazama, akalifunga kifuniko, akalivingirisha ndani ya karatasi ya nailoni na kuibana vizuri.

"Na hili mpelekee huyo bintiye," akasema.

Alasiri ile Wardah alimkuta Zubeda chumbani kwa mamake, akampa diski, akamweleza kwamba picha zi salama na kwamba hakuna jicho la mwanamume lililoziona. Kisha akampa na kile kifurushi. Zubeda akakifungua bila kujua ni nini. Waridi na karafuu zikamfikia kwanza. Aliliinua lile kasha bovu, akaliweka puani, akafumba macho. Kompyuta ilikuwa imeshawashwa mbele yake, tayari, na ilingoja kwa muda mrefu kabla hajaitazama.