Wimbo wa Kijapani Unapita Alhamisi

Alhamisi, saa kumi, Odette alikuwa anashona kola za kwaya wakati wimbo ulifika kutoka upande wa Dowa. Gari hapana. Wimbo tu, katikati ya barabara, na vumbi nyuma yake, na mngurumo wa Hiace ya zamani chini yake. Kuku walitoka njiani. Mwanaume wa kabaza aliweka baiskeli yake pembeni, akaupisha, akaendelea na abiria wake.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, hiyo si habari. Wakati wa mvua wimbo ulikwama kwenye tope pale kwa bomba, vijana wakausukuma mpaka ukatoka, na wote walirudi nyumbani suruali zimechafuka. Habari ni ile iliyokuja nyuma.

Wimbo wenyewe ni wa Kijapani, na kila mtu wa Uvira, kule Kongo, mwenye miaka hamsini anaujua. Zamani, kabla ya vita, kijana mmoja, Evariste, alishusha Hiace yake pale bandarini Kalundu. Ilikuwa imetoka Japani, ikapita Dar, ikapita Kigoma, usukani upande wa kuume, na mlangoni maandishi kama nyumba ndogo-ndogo zimebebana. Ndani ya radio kulikuwa na kaseti imekwama. Walijaribu tournevis, ile bisibisi, walijaribu kisu cha mkate, haikutoka. Basi Uvira nzima, Kavimvira mpaka Kalundu, ilikuwa inapanda taxi-bus na nyimbo zile zile, asubuhi na jioni, harusi na matanga. Wasichana walizishika zote kwa moyo bila kuelewa neno hata moja.

Isipokuwa pale kwenye kiitikio. Pale huyo Mjapani aliimba Kiswahili wazi kabisa. Alisema "nani," akachanganya-changanya maneno kidogo, kisha akavuta: "iko." Nani iko? Na gari nzima ilikuwa inaitika: "Mi niko!"

Odette alikaa mbele, kushoto, kila siku. Evariste alikuwa tayari amepeleka mbuzi kwao. Kisha vita ikaingia. Evariste akabeba watu kuelekea Fizi, akasema jioni atakuwa amerudi. Gari halikurudi, maiti haikurudi, na habari haikurudi. Matanga hawakukaa, maana mtu hakaliwi matanga kama labda amechelewa tu. Odette alivuka ziwa, akashuka mpaka Malawi, akapewa nafasi ya nyumba, akaweka mashine barazani. Wachungaji wawili walimposa. Aliwajibu kwa heshima kwamba kuna mtu iko njiani.

Kwa hiyo Alhamisi ile, kama Alhamisi zote, wimbo ulisimama mbele ya mlango wake, moteri inaunguruma pole pole. Kiitikio kikafika. Watu wa Uvira, kila mmoja mlangoni mwake, waliitika "Mi niko!", na sauti ya Odette ndiyo iliyopita zote. Wimbo ulingoja. Ulingoja tena kidogo. Kisha ukaenda zake.

"Yaya Odette," akasema Benedicte, yeye ni wa Bukavu, kwao dada mkubwa ni yaya, na anachoma mandazi kwenye baraza hilo hilo, "huyu mutu wako anauliza kila wiki kama uko. Haoni?"

"Sikio yake moja haisikie muzuri. Ile ya upande wangu."

"Sisi Bukavu magari ilikuwa na kaseti ya Kifaransa. Mwanaume akisema je t'aime, unajua amesema nini."

"Na alikuoaka?"

"Hapana. Lakini nilielewa."

Wiki iliyofuata ndiyo Madame Sachiyo alikuja. Alikuwa amefika na wale wanaochimba kisima kipya, mwanamke wa Japani, miaka yake na ya Odette ni sawa. Alikuwa amekaa Morogoro muda mrefu, Kiswahili chake kimepigwa pasi, hakina hata kunyanzi moja. Alileta sketi ifupishwe. Odette akamsimamisha juu ya kiti, akapiga magoti, akawa anapachika pini, na wimbo ukafika.

Madame Sachiyo aliimba nao hapo hapo, juu ya kiti, macho amefumba.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Kulikuwa na mvulana mwenye pikipiki." Halafu kiitikio kikapita, mtaa ukaitika, naye akafumbua macho. "Samahani, mama. Kwa nini mnasema mi niko?"

"Si anauliza nani iko."

"Hapana, mama. Nani, kwetu, ni nini. Na ile nyingine mwisho wake unavutwa: ikoo. Maana yake ni twende." Akafikiri kidogo, apate kusema sawasawa. "Anasema: usingoje chochote, twende."

Odette alibaki na pini mkononi.

"Anasema twende?"

"Ndiyo, mama. Tangu mwanzo."

Benedicte alicheka mpaka akashika nguzo. "Miaka yote hii mwanaume anasema twende, na we unamujibu mi niko! Njo maana haingie!" Kisha akaacha kucheka, akajifuta macho kwa kitenge, akageuza mandazi, maana yalikuwa yanaungua.

Kutoka kambini kunaomba kibali. Odette alienda kupanga mstari asubuhi. Kijana wa ofisini alimuuliza sababu ya safari. Odette akasema anaenda na wimbo. Kijana akatafuta kwenye kompyuta, akakuta sababu hiyo haimo, akamwuliza kama hana ingine. Akasema kununua kitambaa. Akapewa: Lilongwe, Alhamisi, kurudi kabla ya giza.

Alhamisi alifunga mashine, akajipaka mafuta, akavaa kitenge kipya. Wimbo uliposimama na kusema neno lake, watu wa Uvira waliitika kama kawaida. Odette hakuitika. Alisema, "Twende." Akashika mlango ambao hauko, akaufungua, akapanda mbele, kushoto. Kiti kilikuwa na joto. Mtaa ulimwona amekaa juu ya hewa, kimo cha kiti cha Hiace, mfuko kwenye magoti, anaondoka. Walimwambia safari njema. Benedicte alimpitishia mandazi dirishani.

Njiani Odette aligeukia upande wa usukani.

"Evariste. Ulikufaka?"

Evariste hakuwa na maneno mengine, alikuwa na yale ya kaseti tu. "Nani," wimbo ulijibu. Nini?

"Nauliza kama ulikufaka!"

"Nani."

Odette akaacha. Upande huo hakuwahi kusikia vizuri, hata kabla ya vita. Saxophone ikaingia, akaegemeza kichwa, na kutoka pale mpaka mjini alikuwa na miaka kumi na tisa. Watu wa barabarani waliompungia mkono walimwita dada.

Kufika Area 25, mtaa wa Lilongwe, wimbo haukuingia sokoni. Uligeuza uso, ukashika barabara ya kaskazini, ile ya Kasungu, Mzuzu, Karonga, halafu Tanzania, halafu Kigoma, halafu ziwa. Kwenye kizuizi askari aliinua mkono, akamsalimu mama kwa Kichewa.

"Muli bwanji, amayi."

"Ndili bwino, zikomo."

Akasoma kibali. Kilisema Lilongwe, na huku mbele ni Kasungu. Akauliza dereva ni nani. Odette akasema ni wimbo. Askari aliinama dirishani, akausikiliza kidogo, akasema ni mzuri, baba yake alikuwa na minibasi inaimba karibu hivyo. Alikuwa hajaambiwa kitu juu ya nyimbo. Wimbo ulikuwa huru kupita. Amayi ashuke.

Odette akamwambia amengoja safari hii tangu yeye askari hajazaliwa. Askari aliamini. Alikuwa kijana wa adabu, alimfungulia mlango mwenyewe.

"Si mimi, amayi," alisema. "Ni karatasi."

Odette akashuka, na miaka yake yote ikamngoja pale chini, akaichukua. Wimbo haukuondoka. Uliunguruma pale, unarudia: twende, twende. Nyuma malori ya tumbaku yalianza kupiga honi. Ndipo Odette akafungua mdomo, akatoa sauti yake, akaiweka mbele, kushoto. Ilikaa vizuri, ikavuta mlango, ikaanza kuimba.

Askari akauliza kama sauti nayo ina kibali. Akasoma karatasi tena, juu mpaka chini. Kulikuwa na jina, mwaka wa kuzaliwa, picha. Juu ya sauti haikusema kitu. Akainua mti wa kizuizi.

Odette alisimama kando ya lami mpaka hakusikia tena. Kisha akaenda sokoni, akanunua kitambaa kwa kuonyesha kidole, akarudi Dzaleka kabla ya giza, kama ilivyoandikwa.

Sasa wateja wanamwonyesha mikono na kiuno, naye anapima. Wimbo haupiti tena. Alhamisi watu wa Uvira wanakaa milangoni kidogo, kisha wanaingia kupika nsima, ugali wa huku. Simu anashika Benedicte.

Wiki iliyopita alipiga Gabriella, mdogo wake Odette aliyebaki Uvira. Benedicte akaweka sauti ya nje ili wasikie wote.

"Mwambie yaya nilimusikia jana! Amepita hapa Mulongwe ndani ya taxi-bus, anaimba na mwanaume, sauti ya usichana kabisa. Juu ya nini hakushuka kutusalimia? Malawi imemupa majivuno?"

"Hapana majivuno," Benedicte alisema. "Kushuka kunaomba miguu, na miguu iko huku. Inangoja karatasi."

"Karatasi gani tena?"

"Ile ile."

Odette alimgusa Benedicte begani, akaonyesha mdomo, akaonyesha simu, akachora samaki hewani kwa mkono.

"Yaya, sauti haikule samaki."

Odette akachora tena, kwa nguvu, kichwa mpaka mkia.

"Sikia, Gabriella," Benedicte akasema. "Alhamisi mumuwekee mukeke wa kuchoma pale barabarani. Anasema kichwa musikate."