Mtani Akipewa Funguo

Duka la Valeria pale Kitomanga lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa buluu, na ndani hamkuwa na sukari wala sabuni. Aliuza vipuri vya baiskeli tu, tena zaidi vya zile baiskeli zisizo na friwili, ambazo gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, upende usipende. Wabeba mkaa walizipenda kwa sababu mteremkoni mtu huishika baiskeli kwa miguu yake mwenyewe, hangoji breki. Mafundi wengine waliwachomelea friwili kuukuu ili zigande, zikapasuka njiani. Valeria aliuza giya halisi, kile kigurudumu cha meno kinachovutwa na cheni, na hakumpa mtu giya bila pete ya kuikaza. Aliikaza kwa mkono wake, kisha akamwamuru mteja aende mpaka msikitini na kurudi, huku akizirudisha pedeli nyuma kwa nguvu. Ikilegea hata unywele, anaanza upya.

Giya hizo zilitoka kwa mzee Klementi, mwenye stoo Dar es Salaam, na Klementi alikuwa na sharti moja: barabara moja, muuzaji mmoja. Kwa barabara ile muuzaji alikuwa Valeria. Alikuwa mjane, hana mikorosho, hana kaka. Duka ndilo lililokuwa shamba lake.

Kibarazani kwake alikaa Hussen, fundi wa kunyoosha ringi na kupanga spoku, mtani wake. Koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu, na mtani, kama ujuavyo, ana ruhusa yake. Hussen alilichukua andazi mkononi mwa Valeria likiwa limeshang'atwa. Alimwambia mbele ya wateja kwamba ananuka grisi kuliko cheni. Kila mara alimalizia kwa kusema kwamba siku moja atamzika na duka atalichukua, na Valeria akacheka mpaka akajishika mbavu. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa.

Mwezi wa sita mama yake Valeria alifariki kule Njinjo. Hussen alipanda gari akaenda, kama inavyompasa mtani. Alilala chali mbele ya kaburi, akakataa marehemu azikwe mpaka yeye apewe soda, na waliokuwa wakilia wakacheka na machozi yao. Alichinja kuku, akagombeza wapishi, akatandikia wageni mikeka. Siku ya tatu akanyoosha kiganja.

"Lete funguo, mtani. Wewe kaa na wazee wako. Duka nitalifungua mimi."

Valeria alizifungua kwenye pindo la khanga akampa. Hakufikiri mara mbili. Msibani mtani ndiye mwenye nyumba.

Alikaa huko wiki tatu. Siku aliyorudi, alishuka basi akaukuta mlango wa buluu umefungwa kwa kufuli asilolijua. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jipya, mabati bado yanang'aa, na giya zimetungwa kwenye waya vilevile alivyozitunga yeye, kubwa chini, ndogo juu.

Alimpigia Klementi palepale. Mzee alimpa pole ya msiba, tena kwa upole, kisha akashangaa. Si aliambiwa kwamba Valeria amerudi kwao moja kwa moja na biashara kamwachia mtani wake? Mzigo wa msimu mzima umeshapokelewa, na yeye ameshatoa neno lake. Barabara ile sasa ina mtu.

Valeria alivuka. Hussen alikuwa mlangoni na wabeba mkaa wanne.

"Mtani, mbona sura imepata pancha?" alisema. "Nimekuibia, ndiyo. Kwani sikukuambia siku zote?"

Wabeba mkaa wakacheka, wakamgeukia Valeria, maana zamu ilikuwa yake. Hapo ndipo alipoelewa. Miaka kumi na mmoja mtu huyu alikuwa akimwambia kweli, na yeye akimlipa kicheko. Akigomba, watasema hajui utani. Akicheka, amelitoa duka kwa kinywa chake.

Aliweka kapu chini.

"Hussen, ulipolala mbele ya kaburi la mama yangu, ulikuwa unanisaidia kuzika, au ulikuwa unasubiri funguo?"

Kicheko kilikatika.

"Basi utani wetu umekwisha leo, na watu hawa ni mashahidi," alisema Valeria. "Jumapili nitawaambia wazee wa kwetu na wa kwenu. Nikifa, usije. Ukifa, siji."

"Dada Valeria," alisema Hussen polepole, "tuyazungumze."

Hakuwahi kumwita hivyo. Matusi yake yote ya miaka ile hayakumchoma kama neno hilo moja la heshima. Valeria aliinua kapu lake. Wabeba mkaa wakaziegemeza baiskeli pembeni wampishe, na mmoja akavua kofia, kama wafanyavyo watu jeneza likipita.