Mama Mkwe Aingia Jikoni

Tangu kiharusi kimlemaze mkono wa kulia, mama mkwe wa fundi cherehani alikuwa amepigwa marufuku ya kila kitu kitamu: kisu, ngazi, hata kuvuka barabara peke yake. Aliyemkataza ni mwanawe, mume wa fundi, na leo alikuwa amekaa kando ya uwanja wa shule, uso kaukunja. Alishatamka: mama akianguka leo, mchezo huu wa pikoboli basi. Fundi alimjua mumewe. Akisema kasema.

Mashindano ya mtaa yalikuwa yamefika fainali. Upande huu fundi na mama mkwe wake, aliyejifunza kushika kibao cha kupigia mpira kwa mkono wa kushoto. Upande ule mwalimu na mkewe muuguzi, warefu hao, mtu unaumia shingo kuwatazama.

Walipopumzika, mwalimu, ambaye hanyamazi hata akinywa maji, akasimulia mchezo ulivyozaliwa. Eti miaka ya sitini huko Marekani, familia fulani zilikuwa likizoni, watoto wamechoka kukaa bure. Uwanja wa mpira wa vinyoya upo, vifaa havionekani. Wazee wakachukua vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu, wavu wakaushusha, wakacheza.

"Kwa hiyo hawakuwa na kitu?" akauliza mama mkwe.

"Waliungaunga tu, mama."

Mama mkwe akautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani. "Loo! Kumbe mchezo wangu kabisa huu."

Fundi mwili ulimsisimka. Mchezo wote huu, watu wote hawa wanaoshangilia, na mwanzo wake ni kukosa! Alimtazama mama mkwe wake kama ndiyo kwanza anamwona.

Ikabaki pointi moja tu kina fundi washinde. Sasa, karibu na wavu pana kipande kinaitwa jikoni. Ukisimama humo huruhusiwi kuupiga mpira ulio hewani. Lazima kwanza udunde. Muuguzi, mjanja yule, akaudondosha mpira humo humo, polepole. Fundi alikuwa mbali. Mama mkwe akachomoka.

"Mama, toka jikoni!" mwanawe akapiga ukelele.

"Toka lini ukanifukuza jikoni, wewe?"

Mpira ukadunda. Mama mkwe akauchota kwa kushoto, ukavuka wavu kwa shida, ukamfia mwalimu miguuni. Lakini kasi ilikuwa imemponza. Goti likakunjika, akayumba huku, akayumba kule. Mume wa fundi alikwisharuka kutoka benchi, mikono kaitanua. Fundi alitaka kufumba macho, yakakataa.

Mama mkwe akaukita mguu mmoja chini, akautafuta wa pili, akaupata.

"Nimeanguka?" akauliza, anahema.

"Hujaanguka, mama," akajibu mwanawe. Mikono yake bado ilikuwa imetanuka, haijashika kitu, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila aibu.

"Basi nipishe, nikawape mkono wenzangu."

Mwanawe akampisha.