Macho ya Lalla Mimuna

Ghizlane alipofunua sanduku la Lalla Mimuna, nyoka aliyeachiwa na marehemu baba yake, alijua papo hapo kosa ni la nani. Hakumumunya maneno.

"Ami Larbi, umemkausha kama ng'onda!"

Kwa Waisawa wa Marrakesh, wacheza na nyoka tangu enzi za mababu, Maulidi ikikaribia nyumba nzima hufukizwa ubani, nyoka nao wapate baraka. Ami Larbi hajui kiasi katika jambo lolote jema. Aliliacha sanduku kando ya chetezo wiki nzima. Sasa gamba kuukuu, ambalo nyoka alipaswa kulivua, lilikuwa limekauka kwa joto na kugandamana mgongoni vipande vipande, na machoni ulibaki utando mweupe, mkavu.

"Ubani haujawahi kumdhuru nyoka," Ami Larbi alijitetea, vidole tayari vimenyooka. "Lete nimbandue mara moja."

"Mguse uone! Ukivuta hapo, unang'oa na jicho."

Ami Larbi akarudisha mkono. Marehemu alimtoa nyoka huyu vilimani kwa ahadi, kama ilivyo desturi yao: utacheza nasi, kisha tutakurudisha kwenu. Alifariki kabla hajaitimiza. Nyoka kipofu harudishwi, maana atakufa njaa, na ahadi ya marehemu itabaki deni. Ghizlane alijua na jambo jingine, nalo lilimtia aibu: nyoka kipofu angebaki wake maisha. Akakunja mikono ya kanzu.

"Ami, wewe hamamuni unasuguliwa ukiwa mkavu?"

"Kwani mimi punda?"

"Basi na yeye si punda. Kwanza alowe."

Alipima maji kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, akamlaza nyoka humo. Ami Larbi akawa hatulii. "Bado tu?"

"Mvumilivu hula mbivu. Kanywe chai."

Kisha akamtia ndani ya taulo bichi, lililokwaruza kwa uzee, akamwacha ajipenyeze mwenyewe. Gamba likaanza kubaki kwenye mikunjo. Jicho la kushoto likafunguka. La kulia likagoma.

"Vuta kidogo tu, mwanangu."

"Sivuti."

Akamrudisha majini, kisha kwenye taulo. Safari hii gamba la mdomoni lilichomoka na utando wake, na jicho jeusi, safi, likamtazama Ghizlane. Furaha ilimjaa hadi akacheka peke yake.

Kesho yake asubuhi walikuwa vilimani, nje ya mji. Ami Larbi, aliyelalamika njia nzima kuhusu magoti, ghafla alilikumbatia sanduku.

"Tukae naye mwaka mmoja zaidi. Nani atajua?"

"Ana macho sasa, Ami. Yeye atajua."

Ghizlane akalichukua sanduku, akamweka nyoka chini mwenyewe. Lalla Mimuna aliteleza katikati ya mawe, hakugeuka. Ghizlane alilia bila kujificha, akabeba sanduku tupu, akamshika ami yake mkono wakateremka.