Korosho Ishirini na Tano za Bibi Pili

Mume wangu Gabriel alifariki mwezi wa kwanza, kwa ugonjwa wa ini. Tulimzika kwao Lukuledi, upande wa Masasi, kando ya mama yake. Shemeji zangu walinitaka nibaki kule mpaka arobaini ipite. Nilikaa siku kumi na mbili, nikafunga mzigo wangu, nikapanda kurudi nyumbani Mkunya, juu kwenye nyanda za Newala. Sikuwaeleza sababu. Wangesema nimechanganyikiwa, maana sababu yenyewe ilikuwa Bibi Pili, ambaye hata si ndugu yetu.

Gabriel alikuwa katekista wa kigango chetu kwa miaka kumi na saba. Siku mbili kabla hajakata roho alinishika mkono, akasema, "Mama Jonathan, Pasaka hii Bibi Pili abatizwe. Nilimwahidi. Usimwache." Nikamjibu, "Sawa, Baba Jonathan." Nilimjibu haraka ili apumzike. Baadaye ndipo nilipoelewa nimekubali nini.

Bibi Pili ana miaka zaidi ya sabini, na mashavuni ana nembo, zile chale za Kimakonde za wanawake wa zamani. Wazazi wake hawakusali kanisani wala msikitini. Alianza kuja kanisani miaka kumi iliyopita, jumuiya ilipomsaidia kumzika mwanawe wa mwisho. Tangu hapo hakukosa Jumapili. Lakini ilipofika Komunyo sisi sote tuliinuka tukapanga mstari, yeye akabaki kwenye benchi pamoja na watoto wanaonyonya vidole. Mara mbili Gabriel alimpeleka kwa padre aulizwe maswali ya ubatizo, na mara zote mbili aliambiwa arudi mwakani. Yeye ni mtu wa Chimakonde. Akiulizwa mafundisho kwa Kiswahili, ulimi unafungika.

Jumatano ya Majivu, baada ya ibada, Mzee Benedikto, mwenyekiti wa kigango, alituita mimi na wakatekumeni watatu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa: Pendo, Jumanne na Bibi Pili.

"Katekista mpya hatupati mpaka baada ya Pasaka," alisema. "Hawa watasubiri mwakani."

"Nitawafundisha mimi," nikasema.

Mzee Benedikto alinitazama, majivu yamemshukia hadi kwenye nyusi. "Wewe? Wewe ambaye tangazo la usafi wa kanisa unamnong'oneza jirani alisome?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa sababu ni kweli. Nimesoma mpaka kidato cha nne, lakini mbele ya watu sauti yangu huwa inakimbia.

"Nitawafundisha," nikarudia.

"Haya. Padre Edmund atakuja kuwauliza Jumamosi kabla ya Jumapili ya tano. Usije ukasema hukuambiwa."

Gabriel aliacha daftari. Ndani yake alikuwa ameandika kwa mkono maswali ishirini na tano na majibu yake, kuanzia "Nani aliyekuumba?" mpaka la mwisho juu ya uzima wa milele. Nilishika daftari hilo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Pendo na Jumanne walikuwa vijana wa sekondari, walimaliza maswali yote kwa wiki mbili. Kazi ilikuwa kwa Bibi.

Nilikwenda kwake kila siku alasiri, nikitoka kupalilia. Mara nyingi nilimkuta ukumbini anabangua korosho alizojiwekea. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nilihesabu korosho ishirini na tano, nikaziweka kwenye bakuli. "Bibi, kila korosho ni jibu moja. Ukisema jibu, hamisha korosho moja kwenye bakuli hili la pili. Bakuli la kwanza likiisha, umemaliza."

Alipenda sana. Vidole vyake vilizoea kazi hiyo tangu utoto. Aliinua korosho, akasema jibu, akaidondosha, ti, akainua nyingine. Wiki ya kwanza alifika korosho ya saba. Wiki ya tatu alifika ya kumi na nane. Nilikuwa nafunga, nalima, nakwenda kwake, narudi kupika, napitia daftari mpaka macho yanauma. Nilijiambia kwamba nikikaza, itawezekana.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, kwa hiyo jirani yangu Ziada naye alikuwa amefunga. Jioni moja alinikuta nimejiegemeza kwenye mlango.

"Mama Jonathan, mbona umekauka? Mfungo wenu si una chai?"

"Chai kavu, Mama Awadhi."

"Chai kavu ni chai. Sisi hata mate tunayafikiria mara mbili."

"Mchana. Usiku unakula mpaka cha kesho."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitazama vizuri. "Lakini wewe hufungi tu. Wewe unashindana. Unashindana na nani?"



Ijumaa moja kabla ya mtihani, Bibi Pili alimaliza korosho zote ishirini na tano bila kukosea hata neno. Nilimkumbatia. Usiku ule nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Padre Edmund ni mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye haraka kwa sababu ya vigango vingi. Jumamosi ya mtihani alikaa kwenye kiti mbele ya altare, akawauliza Pendo na Jumanne, wakajibu vizuri. Kisha akamwita Bibi Pili. Bibi akaketi, akapanga mabakuli yake mawili miguuni. Padre akatabasamu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Baba."

"Niambie, Ekaristi ni nini?"

Bibi akainua korosho ya kwanza. "Ni Mungu ndiye aliyeniumba." Ti.

Padre akasubiri kidogo. "Sawa. Na Yesu alizaliwa na nani?"

Korosho ya pili. "Ili nimjue, nimpende na nimtumikie." Ti.

Pendo alijifunika kanga mdomoni.

"Mama, taratibu. Mungu ni wangapi?"

Korosho ya tatu. "Yuko kila mahali." Ti.

Jumanne akapasuka kucheka, akatoka nje. Nilijua kosa lilikuwa wapi, na lilikuwa langu. Nilimfundisha majibu yakiwa yamefuatana kama mashimo ya kupandia muhogo, sikumfundisha kusikiliza swali. Hakuna padre anayeuliza kwa mpangilio wa daftari la Gabriel.

Padre Edmund aliinama, akaokota korosho iliyodondoka nje ya bakuli, akamrudishia. "Mama, umejitahidi. Mwakani Mungu akipenda."

Bibi Pili alikusanya korosho zake moja moja.

"Padre," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Ijumaa unakuja kuungamisha. Muulize tena Ijumaa."

"Mama Jonathan, siku sita?"

"Siku sita."

Alipumua, akakubali.

Jumapili na Jumatatu nilichanganya maswali. Nilianza la kumi na tisa, nikaruka la nne, nikarudi la ishirini. Bibi akapotea kabisa. Siku ya Jumanne jioni hata jibu la kwanza lilikuwa limemtoka. Nilipouliza kwa mara ya sita, "Neema ni nini?", alisukuma bakuli kwa mguu.

"Niache, mwanangu. Mimi benchi nimelizoea."

"Bibi, jaribu tena. Neema ni kipawa cha bure..."

"Niache nimesema!"

Niliondoka. Njiani kuelekea nyumbani mvua ilinikuta katikati ya mikorosho, nikasimama chini ya mmoja, daftari nimelifunika kwa kanga. Nikalisoma lile jibu kwa mwandiko wa Gabriel: neema ni kipawa cha bure atupacho Mungu, si kwa sababu tunastahili. Nilikuwa nikimlazimisha Bibi akariri maneno hayo siku thelathini na kitu, huku mimi mwenyewe nikiitafuta neema kwa jasho, kama kibarua. Sikuwa nimemwomba Mungu anisaidie hata siku moja. Nilikuwa nimemwomba asiniaibishe tu.

Nikasema kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu: "Bwana, mimi nimefika mwisho wangu. Bibi ni wako. Siachi, ila sijui tena la kufanya. Nifanyie wewe."

Sikusikia kitu. Mvua iliendelea. Lakini nilipoanza tena kutembea, mabega yalikuwa mepesi kidogo.

Kesho yake nilikwenda kwa Bibi bila daftari. Nilimkuta anapalilia karanga nyuma ya nyumba. Nilichukua jembe, nikaingia mstari wa pembeni. Tulipalilia mpaka jua likainama.

"Unalala?" akaniuliza ghafla.

"Kidogo."

"Upande gani wa kitanda?"

Nikashangaa. "Upande wangu."

"Lala upande wake. Mimi nililala upande wa mume wangu nikapata usingizi." Aling'oa gugu, akalitikisa udongo. "Na ukilia, lia kwenye kile kituo cha nne cha Njia ya Msalaba. Pale mama yake anamwona. Mimi nalia pale kila Ijumaa, hakuna anayejua, wote wanafikiri nalia kwa ajili ya Yesu."

Niliacha jembe. "Bibi, kituo cha nne unakijua?"

"Nisikijue? Miaka kumi nazunguka."

Kanisa letu ni dogo, hatuna picha za Njia ya Msalaba. Tuna misalaba kumi na minne ya mbao iliyopigiliwa kwenye mikorosho kuzunguka uwanja, na kila Ijumaa ya Kwaresima tunatembea mkorosho kwa mkorosho. "Na kituo cha tano?" nikamuuliza. Akanieleza. Cha sita, akanieleza. Aliongea Kiswahili chake kilichochanganyika na Chimakonde, akisimama, akinyoosha mkono, akiinama pale ambapo Bwana anaanguka. Mimi nilikaa kwenye tuta nikimsikiliza, nikijilaumu na kumshukuru Mungu kwa pamoja.

Ijumaa Padre Edmund alipofika nilimkuta kwenye pikipiki yake kabla hajavua kofia.

"Padre, naomba usimuulize akiwa amekaa. Muulize mkitembea. Njia ya Msalaba."

"Mama Jonathan, nina vigango viwili vingine leo."

"Dakika ishirini."

"Na akishindwa tena?"

"Akishindwa, nitaanza naye upya Jumatatu ya Pasaka. Na mwaka unaofuata. Sitamwacha."

Padre aliniangalia kama vile ananiona kwa mara ya kwanza. "Basi twende."

Walitangulia wao wawili, mimi nyuma. Mabakuli yalibaki nyumbani. Kwenye mkorosho wa nne Bibi akasimama. "Hapa mama yake anamwona. Hasemi kitu. Mtoto akienda kufa maneno hayapo, Baba. Mimi nimezika wanne, najua." Padre hakuuliza swali hapo. Kwenye wa tano Bibi akasema, "Huyu Simoni hakuomba kazi ya kubeba msalaba. Alikuwa anatoka shamba, kachoka, wakamkamata. Akadhani anamsaidia Yesu. Kumbe Yesu ndiye aliyempa nafasi."

"Nani alikwambia hivyo, Mama?"

"Nimekaa nikawaza. Benchini kuna muda mwingi."

Tulipofika wa tisa, Padre alisimama yeye mwenyewe. "Mama, hapa anaanguka mara ya tatu. Huyu ni Mwana wa Mungu. Kwa nini aanguke mara tatu?"

Bibi Pili alimtazama usoni. "Ili mimi waliyeniangusha mapadre mara tatu nisione aibu kuinuka."

Nilifumba macho. Nilijua imekwisha, katukana. Kisha nikasikia Padre Edmund akicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa, halafu kikakatika. Alipoendelea kutembea aliinamisha kichwa.

Kwenye mkorosho wa kumi na mbili aliuliza kwa upole, "Na Ekaristi ni nini?"

"Ndiye huyu," Bibi akajibu, akiugusa msalaba wa mbao. "Ndiyo maana nataka kula."

Padre hakumalizia vituo viwili vilivyobaki kwa maswali, alivisali tu pamoja naye. Mwishoni akanigeukia. "Msimamizi wake wa ubatizo ni nani?"

"Mimi," nikasema, na safari hii sikunong'ona.

Jumamosi Kuu tulikwenda parokiani Newala, Bibi Pili nyuma ya bodaboda moja na mimi nyuma ya nyingine. Mkesha ulianza saa moja. Kanisa lilijaa. Zamu yetu ilipofika nilimshika Bibi bega, naye akainama juu ya beseni kubwa jeupe. Alikuwa amechagua kuitwa Josephina. Padre Edmund alichota maji kwa gudulia.

"Josephina, nakubatiza kwa jina la Baba."

Alimimina mengi, yakashuka shingoni, yakalowesha gauni. Sisi wa huku juu, miezi ya kiangazi maji tunayapima kwa kikombe, na Bibi ameteremka mabondeni kuyachota na kuyabeba kichwani tangu akiwa msichana. Niliona mkono wake unakinga yasimwagike. Akainua uso uliolowa, akamnong'oneza Padre, lakini kanisa zima lilikuwa kimya, kila mtu akasikia:

"Baba, yanatosha. Wabakizie na wenzangu."

"Yapo, Mama Josephina," Padre Edmund akasema, akachota tena, akijaza hadi ukingoni. "Yapo mengi. Inama."